Mimba miezi saba, niko Lamu: ninunue nini cha mtoto na nini niwache?

binti_langoni

Asalaam aleykum jamaa, na wengine wote habari zenu. Niko Amu mjini upande wa Langoni, hii ndo mimba yangu ya kwanza, kliniki wameniambia nitarajie katikati ya mwezi wa tano inshallah, yaani masika yenyewe. Sasa nina elfu kumi na nane niliyoweka ya vitu vya mtoto na kila nikifungua simu naona orodha ndefuuu, mara kitanda na godoro lake, mara kigari cha kusukuma, mara mashine ya kuchemshia chupa za maziwa, mara sweta na boshori seti sita, mara blanketi la manyoya, hadi najiuliza huyu mtoto azaliwa Lamu au Limuru kwenye baridi 😅

Mume wangu ni mtu wa boti, pesa yake leo ipo kesho haipo na kusi ikianza ndo kabisa, kwa hivo nikimaliza hizi hakuna zengine. Na juu ya hayo mavyaa wangu, mamake mume, Mungu ampe umri, hataki kusikia habari ya kununua nguo za mtoto ambaye bado yuko tumboni, asema ni kujitafutia husuda, nguo zitanunuliwa akishalia. Mamangu naye yuko Matondoni, yeye asema nisipojiandaa nitakuja kutuma watu wagonge milango ya maduka saa nane za usiku. Mimi niko katikati tu.

Nataka kujua nguo ngapi zatosha hii miezi ya kwanza, nepi za kitambaa au pampas, mtumba kwa mtoto mchanga wafaa au la, na je nipande basi niende Mombasa nikanunue kwa bei ya chini au Malindi yatosha au hata hapa hapa Amu nitapata? Walio bara karibuni mjibu lkn masweta yenu mkae nayo.

mama_pacha_MLD

Hongera mamaa, Mungu akutue mzigo salama. Mimi niko Malindi nauza nguo za watoto, mtumba nyingi na mpya kidogo, kwa hivo nakwambia mambo ninayoyashika kila siku, wenzangu wa sokoni wasinisikie tu.

Mombasa usiende kwa ajili ya hii. Soko la Kongowea bei iko chini kweli, belo zikifunguliwa asubuhi waokota vitu vya maana kwa hela ndogo, lakini weka hesabu ya boti ya kuvuka Mokowe, basi kwenda na kurudi, chakula, pa kulala, halafu siku nzima umekaa kwenye kiti na tumbo la miezi saba miguu ikivimba, hiyo faida iko wapi? Mtume mtu anayepita, au agizia Malindi upakiliwe kwa basi. La muhimu ufanye sasa kaskazi haijaisha, usingoje mvua, wakumbuka mwisho wa 2023 barabara ilivyokatwa na maji upande wa Gamba, mabasi ya Lamu yakakwama na mizigo ya watu ndani.

Haya, saizi, hapa ndo pesa nyingi hupotelea. Ile nguo ndogo kabisa ukiishika dukani huwezi kuirudisha, lakini mtoto wa kilo tatu aivaa wiki chache tu kisha vifungo vya chini havifikiani tena. Chukua tatu nne basi, zengine zote za miezi 0 mpaka 3, na pesa ikibaki mbili tatu za 3 mpaka 6. Mtumba wa kutoka Ulaya mara nyingi haukuandikwa miezi, umeandikwa namba, 50, 56, 62, 68, hizo ni sentimita za urefu wa mtoto mwenyewe. 50 ni mtoto wa siku ya kwanza, 56 yamfikisha mwezi na nusu au miwili, 62 yaenda mpaka mitatu minne. Ukizijua hizo namba hakuna muuzaji wa kukwambia "vuta tu itaingia".

Ukishika nguo fanya hivi: bana na kubandua kila kifungo cha chuma kimoja kimoja, manake mtumba vifungo ndo hufa kwanza, nguo nzuri lkn katikati ya miguu haifungi na saa tisa za usiku ndo utajua. Vuta mpira wa miguuni uone kama warudi. Angalia shingo, chukua ile iliyopandana mabegani ambayo yaweza kushushwa chini kwa miguu, mtoto akichafua mpaka mgongoni (na atachafua, usiwe na shaka) humpitishii uchafu usoni. Na soma kibandiko, kama si pamba tupu wacha, hizi za kuteleza teleza zinazong'aa kwa joto letu ni harara shingo nzima.

Idadi kwa hali yetu ya Pwani, mimi huwaambia wateja wangu bodisuti au vesti za mikono mifupi nane, za kulalia nne zile zenye miguu, kofia nyepesi mbili, soksi pea tatu, sweta MOJA nyepesi kwa zile asubuhi za kusi na mvua, shali moja ya kutokea hospitali. Kwisha. Blanketi la manyoya wawachie hao wa Limuru.

Mtumba wafaa kabisa, tena umeshafuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya. Loweka na sabuni, fua maji ya moto, anika jua kali, piga pasi.

bint_faza

Mama pacha umesema yote ya nguo, mimi niongezee ya nepi kwa sababu hapa ndo visiwani twaumia. Dada yangu usiangalie wanaosema nunua hiki au kile bila kuuliza maji yako ni ya wapi. Sisi huku Faza kaskazi visima vingine maji ya chumvi, sabuni haitoi povu, nepi ya taulo ukiifua na maji yale ikakauka juani yawa ngumu kama ng'onda na mtoto akivalishwa apata wekundu mapajani. Suuza ya mwisho lazima maji matamu hata kama ni nusu ndoo ya kununua.

Wewe wajifungua masika, kwa hivo maji ya kufulia utakuwa nayo mazuri ya mvua, kinga tu kwenye bati, ni laini na povu latoka kidogo kidogo sabuni haiishi. Balaa lako litakuwa kukauka. Nyumba za mawe za Amu mjini na vichochoro vile jua halifiki chini, na mtoto mchanga hubadilishwa mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, sasa piga hesabu nepi za jana bado mbichi na za leo zaingia kwenye ndoo. Kwa hivo mimi naona hivi, nepi za kitambaa ishirini na nne, chupi za plastiki nne, pini zile zenye kichwa cha kufunga, na pampas paketi mbili za saizi ndogo kabisa kwa usiku na kwa siku zile za mvua ya mfululizo. Usinunue pampas belo zima la saizi moja ati ni rahisi, mtoto aongezeka uzito upesi zibaki zikikuangalia.

Kamba funga ndani kwenye kiwanda, yaani ule uwanja wa ndani ya nyumba, pale upepo wapita, kisha PASI kila nepi pande zote mbili, sio urembo huo, kuna inzi hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini na kijibuu huingia kwenye ngozi ya mtoto kikawa jipu. Pasi ya moto yamaliza hayo mayai.

Na pampas zilizotumika tafadhali sana zifunge uzipeleke jalalani, sio kutupa chini ya gati. Punda wetu wala kila wanachokikuta.

baba_wa_wawili

Mimi nimekuja kuzungumzia kigari tu. Shemeji yangu yuko Uswidi alituletea kimoja cha magurudumu manne, kina kivuli, kina mahali pa kuweka kikombe cha kahawa, kizuri wallahi. Kutoka nyumbani mpaka barabara ya mbele kuna ngazi, kuna mtaro, kuna punda wawili wanakuja na mifuko ya simiti na kichochoro chenyewe watu wawili wakipishana mmoja ageuka ubavu. Sasa hivi kinabeba madumu ya maji, na kwa kazi hiyo nakisifu.

Kiti cha mtoto cha gari nacho kiko kwenye hizo orodha za simu 😂 mwambie mumeo afunge kwenye boti.

Kwa vile mumeo ni mwenzangu wa baharini mpe hii orodha yake, nguo baki nazo wewe: taa ya kuchaji kwa sababu stima ikipotea usiku na mtoto analia hamtajuana, chupa ya chai kubwa ya kuweka moto, feni ndogo (isimpigie mtoto usoni, ielekezwe ukutani), na karatasi zenu. Bima ya afya ya NHIF haipo tena tangu Oktoba 2024 sasa ni SHA, wapo watu wamekaa na kadi ile ya zamani wakidhani wako sawa. Ajisajili yeye, ujisajili wewe, muangalie inasoma, mfanye leo, msingoje siku ya uchungu.

nesi_mstaafu_pwani

Mwanangu binti_langoni, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi hapa Pwani, sasa nimestaafu nakaanga viazi karai, lakini hili nimeshindwa kupita bila kusema neno.

Hakuna aliyetaja harufu ya sanduku. Utaletewa nguo za kurithi, leso nzuri nzuri za bibi, shali alilofungiwa babako, vyote vimetoka sandukuni na ndani ya sanduku kuna vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, naftalini. Hapa kwetu Pwani watu wengi wana upungufu wa kitu kwenye damu kinaitwa G6PD, ni cha kurithi, chatukuta sana sehemu za malaria, mtu mzima aweza kuishi nacho mpaka azeeke asijue. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa au akifunikwa nguo iliyokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu zapasuka, apata manjano kali, na manjano ikizidi yaweza kufika kwenye ubongo ikamwachia ulemavu wa maisha au ikamuua. Na usidhani kumwanika juani asubuhi kutatosha, mtoto akiwa wa manjano hasa siku ile ya kwanza kabisa ni hospitali mbio. Kwa hivyo nguo yoyote ya sanduku nusa kwanza. Ina ile harufu kali? Isimkaribie. Fua, anika, rudia tena, na ikiwa bado yanuka ivaeni wakubwa. Zako mpya ukishazifua weka kwenye mfuko safi na majani makavu ya rehani ukitaka harufu, lakini yatoe kabla hujamvisha.

La pili wanja. Utaletewa chupa ya wanja wa macho na mtu mwenye nia njema kabisa. Wanja mwingi, hasa ule wa unga wa jiwe, una madini ya risasi, na risasi kwenye mwili wa mtoto yaharibu ubongo polepole bila homa wala dalili utakayoiona. Pokea kwa mikono miwili, shukuru, weka juu ya kabati. Poda ya kunyunyiza vilevile hana haja nayo, avuta vumbi lile mapafuni.

Mfuko wa hospitali uwe tayari ukifika wiki ya thelathini na sita, uufunge uuweke mlangoni. Uliza kliniki yako wanataka nini maana kila wodi ina lake, lakini kwa kawaida ni pamba roli kubwa, makintoshi au nailoni nzito ya kutandika, pedi za wazazi, chupi zako za pamba kubwa kubwa, leso sita kongwe laini (kongwe ndo hunyonya maji, leso mpya ina dawa ya dukani), nguo mbili za mtoto, kofia, soksi, nepi kadhaa, sabuni ya kipande, beseni ndogo, kikombe na kijiko, na kitabu cha kliniki. Kitabu hicho ndicho cha kwanza, mtoto atachomwa BCG ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio hapo hapo kabla hamjatoka, halafu mtarudi wiki ya sita.

Beseni kubwa la kumuogeshea si la haraka, mtoto haogeshwi mpaka masaa ishirini na nne yapite, akitoka afutwa, awekwa kifuani kwako ngozi kwa ngozi mfunikwe leso pamoja, hapo ndipo apata joto lake. Kitovu kikae kikavu, nepi ikunjwe chini yake isikiguse, sio majivu sio mafuta sio dawa ya meno, fuata utakachoambiwa wodini.

Chupa na mashine ya kuzichemsha futa kwenye orodha. Miezi sita maziwa yako tu, hata maji usimpe. Kenya tangu 2012 kuna sheria yakataza kutangaza maziwa ya kopo na chupa za watoto, sasa hao wa kwenye simu hawajali sheria ya nani.

Neti nayo usinunue kwanza, mama mjamzito huku Pwani hupewa ya bure yenye dawa kliniki, kama hujapewa ulizia.

Kadzo_wa_Ganda

Nesi asante ya G6PD sikuwa naijua kabisa, nimeenda kufungua kabati saa hii. Ila na ubani je? Maana kwetu na kwa majirani zangu waswahili nguo za mtoto zafukizwa na chumba chafukizwa magharibi yote, sisi wote tulifukizwa na tuko hai.

nesi_mstaafu_pwani

Mko hai ndio, na mko wangapi mnakohoa? 😄 Sikatazi desturi za watu. Fukiza nguo kabla hajazaliwa kisha ziache upepo uzipige, na chumba mfukize mama na mtoto wakiwa wametoka, madirisha wazi. Kumweka mtoto wa siku tatu juu ya moshi wa chetezo, hapana. Kifua chake ni kidogo sana.

Kadzo_wa_Ganda

Haya hapo tumeelewana. Binti_langoni mimi nakuongezea moja tu, kitanda cha mtoto usipoteze pesa. Mtoto mchanga alala karibu na mama, chali, godoro gumu, mto hahitaji, wala zile nguzo za pamba za kuzungushia kitandani. Hatujajenga majumba ya vyumba kumi sisi.

bi_mwana_amu

Mwanangu, wote wamekujibu ya dukani nami nikujibu ya mavyaa wako kwa kuwa mimi mwenyewe ni mavyaa wa mtu.

Usishindane naye. Huyo mama hana ubaya na wewe, amekulia zama ambazo mimba ilikuwa haina hakika, mtu atoka na tumbo arudi mikono mitupu, na akifika nyumbani akute nguo ndogo zimekunjwa kitandani zamngoja. Hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Kwa hivyo nguo zisikae nyumbani kwake mbele ya macho yake. Ziweke kwa mamako Matondoni, au fanya kama tulivyokuwa tukifanya sisi, wanunua kidogo kidogo waziwacha dukani kwa amana, mwenye duka aandika jina lako kwenye karatasi, na siku ukijifungua kijana apita kuzichukua. Mpaka leo wapo wenye maduka mjini ambao ukiwaeleza hawakatai. Lakini ule mfuko wa hospitali wa nesi uwe nyumbani, mwambie ni vitu vyako wewe, pamba na leso, hatauliza kuna kofia ndani.

Halafu mpe kazi. Mwambie mama naomba unitayarishie leso kongwe na mkaja wa kufunga tumbo, na kama anajua kusuka kamba akutengezee susu ya kuning'inia ya kumlaza mtoto. Sikiza nikwambie, mavyaa akishapewa kazi ya mikono hana muda wa kukuogopesha. Na nepi usinunue zote, nunua kitambaa cha pamba kwa mita, fundi cherehani wa mtaani azikata pande nne azipige pindo, zatoka nyingi kwa pesa ile ile na hazifumuki.

Husuda mnayoitafuta vijana ni ile ya kupiga picha soksi mkaziweka kwenye stetasi. Hiyo wacha kabisa.

bint_faza

Bi Mwana 😂😂 ya stetasi imenigusa.

Mimi narudi kwa jambo moja ambalo nilitaka kulisema nikalisahau. Katika hiyo elfu kumi na nane toa elfu tano uweke kando USIIGUSE. Wewe uko Langoni, hospitali ya King Fahd ni pua na mdomo, shukuru Mungu, sisi wa Faza uchungu ukishika usiku na kituo kikasema huyu apelekwe Amu ni kutafuta boti, nahodha, mafuta, na bahari ya mwezi wa tano mwaijua. Lakini hata wewe ukiandikiwa rufaa ya Malindi au Mombasa, kuna dogo dogo nyingi, nauli ya atakayekufuata, chakula chake, mtu wa kulala nawe. Nguo mtoto aweza kuazimwa, hakuna anayekuazima mafuta ya boti saa saba za usiku.

Mumeo mwambie aongee na nahodha mwenzake mapema, kama yeye yuko safarini nani wa kupigiwa. Namba iwe kwenye simu yako wewe, sio yake.

baba_wa_wawili

Hiyo ya mafuta naunga mkono. Na mafuta yenyewe yawe kwenye dumu nyumbani kwa nahodha, sio ahadi.

binti_langoni

Jamani Mungu awalipe, nimesoma yote na mume wangu nimemsomea kwa sauti, ya kigari ameicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Sasa nimepanga hivi mniambie kama kuna pengo. Elfu tano ya dharura nimemkabidhi mamangu, mimi nikikaa nayo itakuwa samaki. Kitambaa cha nepi mita za kutoa ishirini na nne, fundi wa hapa nyuma amekubali na asema pindo atapiga mara mbili. Pampas mbili ndogo, pini, chupi za plastiki, nitachukua hapa hapa mjini, tofauti ya bei si ya kubeba kutoka mbali. Pamba, pedi, makintoshi duka la dawa. Nguo zote nitaagiza kwa mama pacha Malindi, 50 tatu, 56 na 62 zilizobaki, vesti nane na za kulalia nne na kofia mbili nyeupe. Neti nimeshapewa kliniki, nilikuwa nimeitunza kwenye pakiti yake ati nangoja mtoto, nesi usinikasirikie nimeitundika jana usiku.

Leso za bibi nimezinusa. Zote naftalini tupu, sanduku zima. Zimeanikwa juu ya dari tangu juzi na bado. Nitanunua doti tatu mpya nizifue fue mpaka zilegee kabla ya mwezi wa tano.

Mavyaa nimempelekea habari ya mkaja na susu. Kanyamaza kidogo kisha akauliza kamba ya minazi au ya nailoni, mimi sijui nikajibu ya kwake yeye anayoipenda. Leo asubuhi nimemkuta ashaanza, na amenikanya susu isitundikwe mpaka mtoto awe amefika, nimesema sawa mama.

Swali la mwisho, mama pacha mzigo ukija kwa basi mpaka Mokowe utavukaje usilowe? Nguo za mtoto na maji ya chumvi sitaki.

nesi_mstaafu_pwani

Neti haingoji mtoto mwanangu, malaria kwa mjamzito ni mbaya kuliko wajuavyo watu. Umefanya vizuri. Na hiyo susu ikishatundikwa ndani mtoto alale chali na mtu mzima awe yuko macho, usiku arudi kitandani kwako. Leso mpya usizifue na sabuni yenye manukato makali.

mama_pacha_MLD

Nitafunga nailoni mbili ndani ya gunia, mdomo nautia fundo, na juu naandika namba ya simu ya mumeo kwa kalamu nzito kwa sababu karatasi ya kubandika yatoka ikipata maji. Mwambie aipokee mwenyewe pale Mokowe asimwachie mchukuzi yeyote tu, na kwenye boti aiweke katikati sio mbele, mbele ndo mawimbi hurukia.

Nguo nimeshakutengea, 56 nimepata safi sana kuna moja ina mabata madogo kifuani. Lkn kofia nyeupe zimeisha nimeweka moja ya kijani na moja ya manjano, ukizikataa niambie kabla ya alhamisi basi halijatoka.

binti_langoni

Sizikatai. Tuma.